Modemu Zilizopimwa Siku ya Umuganda

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mama Kayitesi, ndugu wakurugenzi, Bwana Norman, uliyetuletea modemu mpya, wauguzi tunaofanya kazi pamoja, nanyi wageni waalikwa mliokuja kuniaga mimi Mutsinzi, fundi wa ushirika huu kwa miaka kumi na tisa: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme maneno machache, kisha nitie sahihi yangu ya mwisho kwenye fomu hii ya kupokea modemu arobaini. Kalamu ninayo. Moyo ndio unaokataa, na sitaki kuwaficha.

Kazi yetu mnaijua. Mgonjwa anabonyeza kitufe kando ya kitanda, modemu yake inapiga simu hapa kituoni, muuguzi anatoka. Isipopiga, hakuna anayejua. Msidhani mimi ni adui wa bei nafuu; zile za zamani nilizichagua mimi, nazo zilikuwa rahisi kuliko hizi. Lakini kila moja niliibeba hadi nyumbani kwa mgonjwa, nikaiacha siku tatu, ikapiga mara kumi kwa siku, umeme ukiwepo na umeme ukikatika. Iliyoshindwa ilirudi dukani, hata kama taa zake zilipendeza.

Bwana Norman nampongeza. Anavaa vizuri, anajua majina ya watoto wetu, na karatasi zake za majaribio hazina doa. Modemu arobaini, kila moja imepiga mara thelathini, kila moja imepata mara thelathini. Mimi sijawahi kukutana na kifaa wala binadamu wa namna hiyo, kwa hiyo nikazisoma tena. Majaribio ya mtaa wa Gitega, zinasema, yalifanyika chumbani kwa mgonjwa wetu, mzee Usumani, saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita. Ndugu zangu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa tatu asubuhi, Kigali nzima inakuwa wapi? Si iko umuganda, kwenye kazi ya pamoja ya kila mwezi, imeshika majembe, na maduka yamefungwa? Nami nilikuwa mtaa mwingine, Gatsata, nikizibua mtaro, na mtu tuliyekuwa tukipokezana koleo, mwenye mabuti mapya ya kijani, alikuwa Bwana Norman. Nampongeza tena: mkono mmoja tope la Gatsata, mkono mwingine modemu ya Gitega.

Huenda alimtuma mtu. Nilimuuliza Swafiya, mke wa mzee Usumani, yule mshonaji. Akaniambia, "Muzee, siku ile mimi nilibaki na bwana yangu, sababu moyo ilikuwa inamusumbua. Hakuna mutu alikuja hapa."

Sasa mtaniwia radhi. Jana nilipeleka modemu moja mpya kwake, nikaiweka kando ya ile ya zamani. Nimemwomba abonyeze vitufe vyote viwili leo saa tano kamili. Simu hizi mbili mezani si mapambo: nyeupe ni ya modemu mpya, nyeusi ni ya zamani. Mama Kayitesi, saa yako inasemaje? Saa tano. Basi tunyamaze kidogo.

Hiyo inayolia ni nyeusi. Haloo, Swafiya, tumekupata. Na ile mpya, umebonyeza? Asante, mama, ngoja kidogo.

Anasema amebonyeza mara tatu, na taa inawaka vizuri kabisa.

Bwana Norman, mlango huo ni wa jikoni. Kaa tu.

Ndugu zangu, naogopa. Zile za zamani zinaondolewa majumbani Jumatatu, na mimi Jumatatu sipo. Mzee Usumani atakuwepo, na moyo wake ule ule. Mama Kayitesi, fomu hii naiweka mbele yako bila sahihi, na kalamu yangu nakuachia.

Nawashukuru kwa zawadi, kwa miaka yote, na kwa masikio yenu. Kabla ya chakula naomba tuisikilize hii nyeupe dakika moja zaidi. Swafiya bado anabonyeza.