Sista Shamsia Mosi: Aliyetuchanja Sisi Tunaochanja Wengine

Jumatatu tarehe 30 Juni 2003, Sista Shamsia Mosi atavua gauni jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na minne katika Hospitali yetu ya Lusegwa, na kustaafu akiwa na umri wa miaka sitini. Mhariri wa jarida la watumishi ameniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Kuchangamsha si tatizo, kwani kila nikianza kumfikiria mama huyu kalamu inakimbia yenyewe. Ufupi ndio utakaonishinda.

Alizaliwa Kinole, binti wa mkulima wa karafuu na mdalasini. Aliajiriwa hapa tarehe 1 Julai 1969 kama mhudumu wa wodi. Miaka mitatu baadaye hospitali ikampeleka kusomea uuguzi na ukunga, akarudi na cheti, miwani, na tabia ya kuandika kila kitu. Tangu mwaka 1976 amesimamia kliniki ya mama na mtoto. Kila Alhamisi alipanda milima na huduma ya mkoba, sanduku la chanjo mkononi na mwavuli wa kijani kwapani, mvua inyeshe isinyeshe. Watoto wa Tegetero walikuwa wakiuona mwavuli ule unapinda kona wanakimbilia migombani, na mama zao wanakimbia nyuma yao. Hata hivyo hakuna aliyerudi nyumbani bila chanjo. Leo baadhi ya watoto hao ni watumishi wenzetu, na wakikutana naye kwenye korido wanampa shikamoo huku wamejishika bega.

Jambo ambalo watoto hao hawakulijua ni kwamba Sista Shamsia mwenyewe alikuwa anaogopa sindano kuliko wao. Mwaka 1978 alikanyaga msumari nyuma ya jiko la hospitali. Matroni wa wakati huo alipokuja na sindano ya pepopunda, alimkuta amejifungia stoo ya mashuka, akidai anahesabu mito. Ilibidi mlango ufunguliwe kwa funguo za akiba. Alichomwa huku ameshikwa na wahudumu watatu, na kesho yake aliwaletea wote watatu ndizi mbivu za kuwaomba radhi.

Mimi ninayeandika haya ni Eustace Mkude, afisa tabibu, niliyekuja Lusegwa mwaka 1986. Niseme mapema kwamba katika habari ninayotaka kuisimulia sikuwa upande wake. Nilikuwa kinara wa waliompinga.

Mwezi Mei 1998 mafua makali yaliingia hospitalini kwetu. Watumishi kumi na tisa tuliugua, na karibu wote tuliendelea kuja kazini. Enzi hizo kumhudumia mgonjwa ukiwa na homa yako mwenyewe ilihesabiwa ushujaa, na aliyebaki nyumbani alionekana mtegaji. Sista Shamsia alifanya kazi siku tatu akiwa na homa na kikohozi. Wakati ule wauguzi walikuwa wachache, kwa hiyo alikuwa akisaidia pia wodi namba tatu, wodi ya wazee. Humo alikuwepo Bibi Mwanvita wa Tegetero, aliyevunjika nyonga na aliyekuwa anaendelea vizuri, anakaribia kuruhusiwa. Bibi huyo hakutaka kulishwa na mtu mwingine ila Shamsia. Kila asubuhi wawili hao walikaa pamoja, uji katikati yao, wakizungumza habari za mashambani.

Siku mbili baadaye Bibi Mwanvita akaanza kukohoa. Wakafuata wagonjwa watatu wa vitanda vya jirani. Wale watatu walipona. Bibi alipata nimonia, na siku ya tisa akafariki.

Sisi wengine tulisikitika, tukaendelea na kazi, maana wazee hufa. Sista Shamsia hakuendelea. Alichukua daftari la zamu na mafaili ya wodi, akakaa nayo wiki nzima, akaandika upande mmoja tarehe ambayo kila mtumishi alianza kukohoa, na upande wa pili tarehe ambayo kila mgonjwa alianza. Upande wa watumishi ulitangulia kila mara. Alimwonyesha mganga mkuu karatasi ile. Alinionyesha na mimi. Nilimwambia kwamba mafua ni mafua, dawa yake ni chai ya tangawizi. Akaikunja karatasi yake vizuri na kuondoka.

Kuanzia hapo alitafuta chanjo ya mafua makali kwa ajili ya watumishi. Msomaji kijana akumbuke hali ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya soko huria. Viwanda mjini vilikuwa vinabadilisha wamiliki, wagonjwa walikuwa wameanza kuchangia matibabu, na maduka binafsi ya dawa yalichipuka kila mahali kuanzia Kihonda hadi Dumila. Chanjo za watoto zilikuja kwa utaratibu wake. Chanjo ya mafua kwa watu wazima hakuna aliyeifikiria. Lakini Dokta Agustino, aliyewahi kuwa daktari wetu kabla ya kwenda kufungua duka la dawa mjini, alikuwa anafahamiana na mwagizaji mmoja wa Dar es Salaam. Sista Shamsia alimfuata karibu kila mwezi kwa mwaka mzima, hadi muuzaji wa dukani akawa anamwekea kiti kabla hajavuka barabara. Bodi ya hospitali nayo aliizungukia mjumbe mmoja mmoja. Mwishowe ikakubali kununua dozi sitini.

Zilifika Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, na ilikuwa siku ya aina yake. Saa nne asubuhi simu ya upepo ikatuambia kwamba sanduku limeshushwa kwenye basi, liko kwa Dokta Agustino, na umeme wa mjini umekatika. Barafu iliyokuwemo ingehimili mpaka alasiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani, gari letu lisingeweza kwenda wala kurudi. Wengi tulisema basi, bahati haikuwepo. Sista Shamsia, mwenye miaka hamsini na saba, alikwisha kuvaa viatu vya mpira. Akamwita muuguzi Tumaini, wakatelemka kwa njia ya miguu.

Kurudi walipanda pamoja na kina mama waliokuwa wanatoka sokoni na matenga matupu. Sista alisokota khanga ikawa kata, akajitwika sanduku, akapanda mlima bila kulishika kwa mkono. Tumaini, msichana wa mjini, alikuwa nyuma akihema. Kina mama walipouliza ni samaki gani hao wanaohitaji barafu, Sista aliwaambia ni samaki wa hospitali, hawaliwi. Saa tisa alasiri aliingia getini ametapakaa matope hadi magotini. Tulimzunguka wote, hata wapishi walitoka jikoni. Akafungua kifuniko, akatoa kipimajoto, akakisoma kwa sauti: nyuzi sita. Chanjo ilikuwa salama. Tulipiga makofi na vigelegele kama vile tumeletewa bibi harusi.

Jumatatu alipanga viti ukumbini, akafungua boksi la kwanza la sindano, akangoja. Walikuja watu wanne.

Hapo ndipo mwandishi wenu anapolazimika kujitaja. Tuliopiga makofi Ijumaa, Jumatatu tulikuwa na kazi nyingi sana. Wengine walinong'ona kwamba chanjo ile inaharibu uzazi. Wengine walisema Wazungu wamemaliza kuitumia na sasa wanatuletea masalia. Mimi, kwa kutaka kuchekesha watu chumba cha chai, niliita dawa ile mitumba ya sindano. Jina likaenea kutwa moja. Ajabu ni kwamba siku hiyohiyo nilimkemea mama mmoja kliniki kwa kuchelewesha chanjo ya surua ya mwanawe. Kisha mtu akauliza swali lililotufurahisha wote: je, Sista Shamsia mwenyewe amechoma? Hakuwa amechoma. Tulicheka tukaona tumeshinda.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Tegetero peke yake. Hakumuaga mtu. Alikwenda kwa Dadi, mtoto mkubwa wa marehemu Bibi Mwanvita, akamkuta anapalilia maharage kwenye matuta. Alimweleza yote: homa yake, uji, tarehe alizoziandika. Alimwambia hawezi kuthibitisha, lakini anaamini maradhi yaliyomuua mama yake yalitoka kwake. Kwa alivyonisimulia baadaye, Dadi aliendelea kupalilia mstari mzima. Alipofika mwisho wa tuta akasimama.

"Mama alikuwa anakupenda," alisema. "Hilo ulilonieleza mimi, kawaeleze na wenzako."

Jumanne tarehe 28 Machi, kwenye kikao cha asubuhi, Sista Shamsia aliomba nafasi. Tulikuwa watu themanini hivi. Tulidhani atatugombeza, na tulikuwa tumejiandaa kugombezwa. Badala yake alisimama mbele, mikono imeshikana, akasema kwa sauti yake ileile ndogo:

"Bibi Mwanvita alikuja kwetu amevunjika nyonga. Hakuja na kikohozi. Kikohozi alikikuta kwangu."

Alieleza kama alivyomweleza Dadi, na kwamba ametoka kwa Dadi. Hakumtaja mwingine yeyote, ingawa karatasi ya tarehe alikuwa nayo mfukoni na majina yetu yalikuwemo. Langu lilikuwemo. Halafu akaniangalia mimi.

"Mmeuliza kwa nini sijachoma. Sijachoma kwa sababu naogopa sindano, na hilo mnalijua. Eustace, njoo unichome wewe."

Nimechoma sindano maelfu, lakini ile ndiyo ninayoikumbuka. Nilinawa, nikavuta dawa. Yeye alifumba macho na kumshika Tumaini kidole. Nilipotoa sindano aliuliza kama nimeshaanza. Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka, machozi yanamtoka. Nikamwambia, "Sista, nisamehe." Akanijibu kwamba msamaha tutauzungumza baadaye, kwanza nikunje shati.

Nilikunja. Alinichanja yeye, na nyuma yangu mstari ulifika mlangoni. Wapishi, wafua nguo, mlinzi Rashidi, mganga mkuu akiwa bado na stetoskopu shingoni. Kufikia Jumatano mchana dozi zote sitini zilikuwa zimekwisha, na waliokosa walilalamika kwamba kuna upendeleo. Nilimwona Sista anasikiliza malalamiko yale huku ameshindwa kuficha tabasamu.

Siku ya nne akashikwa na mafua. Hospitali nzima iliangua kicheko, na mimi nilianza kutafuta pa kujificha. Yeye aliandika tangazo kwa mkono na kulibandika mlango wa chumba cha chai. Lilieleza kwamba chanjo huchukua wiki mbili hivi kuanza kumkinga mtu, kwamba haina mdudu aliye hai wa kuambukiza, kwamba yapo mafua mengine madogo isiyoyazuia, na kwamba mwandishi wa tangazo amekwenda nyumbani mpaka apone kwa sababu hataki kumkoholea mgonjwa. Mstari huo wa mwisho ulileta mageuzi makubwa kuliko chanjo yenyewe. Alipopona alirudi kwa mganga mkuu na kudai iwe kanuni: mtumishi mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, asiandikwe mtoro. Ilichukua miezi mitano. Ikapita.

Kwa kuwa chanjo hii hurudiwa kila mwaka, kila Machi alianza upya kutushawishi. Mwaka 2001 tulichanjwa sabini na nne. Mwaka 2002 tukafika tisini na mbili. Na mwaka huohuo, mwezi Julai, mafua makali yalirudi milimani kwetu. Mabenchi ya wagonjwa wa nje yalijaa hadi uani, shule ya jirani ilibaki na madarasa nusu. Sisi watumishi tuliugua watatu tu, wakabaki nyumbani. Wodi namba tatu ilikuwa na wazee kumi na watano. Nilizunguka wodi ile kila asubuhi kwa wiki sita, nikisikiliza vifua. Hakuna hata mmoja aliyepata nimonia akiwa mikononi mwetu. Sidai kwamba ni chanjo peke yake, maana tulifunika pua, tulinawa, na waliokohoa walikaa kwao. Ila yote hayo yalianza na mtu mmoja.

Asubuhi ya mwisho ya wiki ya sita nilimkimbilia kliniki kumpa habari, nikasahau hata kubisha hodi. Alikuwa anapima mtoto kwenye mizani. Alisikiliza, akamaliza kuandika uzito, akamrudisha mtoto kwa mama yake, kisha akakaa chini na kusema, "Alhamdulillahi." Nami nikasimama pale pembeni nikiwa na furaha ambayo hata sasa sijui niieleze vipi.

Machi mwaka huu tumechanjwa mia moja na tatu kati ya mia moja na kumi na nane. Na wiki iliyopita bodi imeidhinisha kwamba kila mtumishi mpya ataelezwa na kupewa chanjo kabla ya zamu yake ya kwanza wodini. Barua ya uamuzi huo imesainiwa. Nimeiona kwa macho yangu, na nakala yake imebandikwa ubao wa matangazo ili kila mtu aisome. Kliniki na friji la chanjo anakabidhiwa Tumaini, ambaye siku hizi anapanda mlima bila kuhema.

Hafla ya kumuaga itafanyika ukumbini Ijumaa tarehe 27 Juni, saa nane mchana, baada ya swala. Jiko limeahidi pilau. Zawadi tumekwisha kununua na hatutaitaja hapa, kwa kuwa yeye ndiye msomaji wa kwanza wa jarida hili.

Sista Shamsia, watumishi wa Lusegwa tunakushukuru kwa watoto uliowafuata milimani, kwa wazee uliowalinda, na kwa kutuambia ukweli wako mwenyewe kabla ya kutudai wetu. Unakwenda Kinole kwenye karafuu na wajukuu zako. Mungu akupe afya, shibe na majirani wema, na miguu ya kutosha kushuka kututembelea. Ukija usipige hodi, ingia tu. Hapa ni kwako.