Pancras Minani na Njia Iliyopimwa kwa Machela

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, jamaa wa Kanazi na wa Nyakisasa, na ninyi mliofunga safari tangu Lusahunga na Biharamulo kuja kulia nasi, shikamooni wakubwa, na poleni wote kwa msiba. Familia inaomba usikivu wenu, maana historia hii si ndefu, lakini ina mahali ambapo wengine walitushauri tuparuke, nasi tukakaa na mama Domisiana, mjane wa marehemu, tukaona haparukiki.

Marehemu Pancras Minani alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kata ya Kanazi, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa nane wa mzee Nzeyimana na mama Scholastika, kama jina lake lenyewe linavyowaambia wanaojua kuhesabu kwa lugha yetu. Alibatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya msingi mwaka 1967 na kumaliza darasa la saba mwaka 1973, hakuendelea mbele kwa sababu baba yake alifariki mwaka huo na jembe likamsubiri nyumbani.

Mwaka 1978 alikwenda Lusahunga, pale njia panda, akajifunza ufundi wa baiskeli na kuufanya kwa miaka thelathini, akiwa chini ya kipande cha bati, maroli yakipita mbele yake mchana kutwa. Kazi iliyomchosha moyo, alivyotusimulia, haikuwa pancha wala cheni, bali baiskeli zilizoletwa zimekunjwa na roli, ndugu wakiomba tu zinyooshwe, naye akinyoosha fremu ya mtu ambaye amekwisha zikwa. Hukohuko alikutana na mzee Leonidas, mzaliwa wa kitongoji chetu hiki cha Rwinkende, ambaye siku zile alikuwa akisafirisha ndizi kwa baiskeli, wakapanga chumba kimoja, wakala sahani moja, wakawa chanda na pete.

Tarehe 5 Januari 1985 marehemu alifunga ndoa na Domisiana, binti wa hapa Rwinkende, na mshenga aliyekuja kuleta posa alikuwa mzee Leonidas huyuhuyu tuliye naye leo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Frednand, Odeta, mmoja aliyetangulia akiwa mchanga, na Priscila, na kwa Odeta mzee Leonidas ndiye aliyesimama kisimani kuwa baba wa ubatizo. Tunayasema haya ili kila mtu hapa ajue kwamba huyu hakuwa jirani tu.

Mwaka 2008 marehemu alihamia hapa kwa wakwe zake, akafungua kibanda cha baiskeli, na wazo alilotoka nalo Lusahunga halikumwacha, kwamba watoto na wagonjwa wa Rwinkende wasiendelee kugombea ukingo wa lami na maroli yaendayo Rusumo, wapate njia yao ya miguu na baiskeli, ianzie barabarani penye nyumba ya mzee Leonidas, ipite nyuma ya mashamba, iguse shule, iishie zahanati. Sasa njia ni lazima ipite kwenye kibanja cha mtu, na mtu wa hapa anavyoshikilia kibanja chake mnamjua. Marehemu na mzee Leonidas walizunguka nyumba kwa nyumba, marehemu akibembeleza, akitaniwa kwamba ni mkwe aliyekuja kugawa ardhi ya wakwe, na kila mlango aliacha ahadi moja, kwamba juu ya ardhi hiyo gari halitapita kamwe, na kwamba likipita aulizwe yeye.

Kwa ahadi hiyo watu waling'oa minyaa ya mipaka yao na kuipanda upya ndani zaidi, jambo ambalo hapa kwetu halifanywi kwa mzaha, maana kuna koo hazisalimiani mpaka leo kwa ajili ya mnyaa mmoja. Mama Tecla, mjane, jirani yetu, aling'oa mstari uliopandwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, akakata na migomba iliyokuwa na mikungu, akasema anafanya hivyo kwa sababu ni Pancras aliyeomba, angekuwa mwingine asingempa hata pa kuweka kiti.

Kazi ilianza Jumamosi tarehe 18 Juni 2016, kwa majembe, karai na nguvu za watu, na upana wa njia ulipimwa kwa machela, ile ingobyi yetu ya kubebea wagonjwa, wabebaji wanne wakasimama mahali pao, baiskeli ikawekwa ubavuni, ndipo vigingi vikapigiliwa. Tulipima kwa huruma ya mgonjwa, na katika umati ule hakuna aliyewaza kwamba palipoenea machela na baiskeli, Fuso nayo inapenya. Marehemu ndiye aliyeliona baadaye, akasema kosa ni lake, na kwa kuwa wazee walikataa njia isifinywe, wakisema mgonjwa hasongwi, akasimamisha nguzo ya chuma katikati ya mdomo wa njia, ndefu kama mtu, yenye kufuli chini ili ing'olewe machela inapopita. Njia ilifunguliwa tarehe 29 Septemba 2018, na ufunguo wa kufuli ukakabidhiwa kwa mzee Leonidas, kwa sababu nyumba yake iko palepale, na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine ambaye marehemu angefikiria kumpa.

Miaka mitatu tulitembea kama watu, watoto wakaenda shule wakiimba, wanawake wakajifunza baiskeli ukubwani, na marehemu kila jioni akipita na ndoo ya maji na koleo kuziba vishimo.

Kisha wakaja wachimba mchanga wa bondeni, wakatafuta pa kupitisha magari yao, na Jumanne tarehe 9 Novemba 2021 marehemu akitoka kibandani alikuta nguzo imelazwa kwenye majani, Fuso inarudi nyuma kuingia njiani, na aliyesimama nyuma yake akimwelekeza dereva kwa mikono, kushoto kidogo, njoo, njoo, alikuwa mzee Leonidas. Baadaye tulijua kwamba Aron, kijana wake aliyekuwa hana kazi, alikuwa amepata nafasi ya utingo kwenye magari hayo, na familia inaelewa uchungu wa mzazi mwenye kijana aliyekaa tu nyumbani, hilo tunalielewa kabisa. Kama angekuja kwa marehemu akamweleza shida yake, tunadhani wangelia pamoja na kutafuta namna.

Hakuja. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa na watu wakauliza ni nani aliyeruhusu magari, mzee Leonidas alisimama, akatazama chini, akasema njia ni ya Pancras na aulizwe Pancras. Marehemu alijibu tu kwamba yeye hakuruhusu, wala hakumtaja mtu, na nyumbani mama Domisiana alipomwuliza kwa nini amemeza maneno, alisema neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe atalisema, ampe muda.

Muda alimpa, ndugu waombolezaji, alimpa mpaka pumzi ikaisha. Tangu siku ile watu, wakiamini kwamba mwenye ufunguo asingefungua bila ruhusa ya Pancras, walimwita mwuza mashamba, kibanda kikakosa wateja, watoto waliokuwa wakimpa shikamoo walifundishwa kupita upande mwingine, na mama Tecla alimsimamisha hadharani akamwuliza alikula nini kwenye migomba yake. Iliuma, tena iliuma sana, na familia haitaki ugomvi, tungeutaka tungeuanza wakati ule, lakini hatuwezi kumfukia mtu huyu na tope lisilo lake. Pancras Minani hakufungua ile nguzo, hakuwahi kuwa na ufunguo wake, na hakupokea kitu kwa mtu yeyote.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2022, akatibiwa zahanati hapa na baadaye hospitalini, ambako mwezi Julai 2024 alikatwa mguu wa kulia, akarudi nyumbani akitania kwamba fundi baiskeli amebaki na pedali moja. Tarehe 2 Machi 2025 alizidiwa, mvua ikinyesha, machela ikaletwa, na wabebaji walipofika penye makorongo yaliyochimbwa na matairi walizama mpaka magotini, mgonjwa akiyumba juu yao. Mzee Leonidas, aliyekuwa kwenye zamu ya kubeba siku hiyo, alitia bega lake mbele upande wa kulia, na marehemu akaomba kwa sauti ndogo kwamba bega lile apokee mtu mwingine.

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 13 Machi 2025 hospitalini, akiwa na mkewe, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mpaka dakika ya mwisho, mhudumu wa zahanati yetu, chama cha machela, mafundi wa Lusahunga waliokuja na baiskeli zao katika mvua hii, na majirani wote. Shukrani ya pekee ni kwa mama Tecla, ambaye tangu Alhamisi amelala mkekani pamoja na mama Domisiana, na alikuja kabla ya kusikia haya, akiwa bado na hasira zake, akapika, akafua.

Limebaki jambo moja ambalo marehemu alimwachia mama Domisiana usiku wa kuamkia siku aliyotutoka. Aliomba jeneza lake lisipande gari, libebwe kwa machela kupitia njia yake mpaka makaburini, wabebaji wapokezane kama ilivyo desturi yetu, isipokuwa mbele, upande wa kulia, mahali pa mtu wa karibu kuliko wote, ambapo alimtaka mzee Leonidas, akanyage kila korongo, na asipokelewe na mtu mpaka kaburini. Mama aliuliza kama hiyo ni adhabu au ni heshima, na marehemu akasema Leonidas atajua akifika.

Machela iko mlangoni, Frednand na mafundi wawili wamekwisha simama mahali pao, na nafasi ya nne iko wazi. Baba yetu, mume, fundi, njia bado ni yako, pita, na upumzike kwa amani.