Marekani Yashtakiwa River Road

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, nje ya kibanda cha fundi baiskeli pale River Road, Nairobi, lakini hakuna taifa duniani ambalo halijawahi kuhukumiwa juu yake. Mwenye kibanda aliitwa Nashon, ila watu walimwita Bama, kwa kuwa alipigana huko Burma wakati wa vita na hakuwa na hadithi isiyoanzia huko. Kando yake alikaa Kilonzo, tarishi wa ofisi moja ya serikali. Jina lake la benchi lilikuwa Taarifa, maana magazeti ya bwana wake aliyasoma njiani kabla hayajafika mezani. Wa tatu alikuwa Hezekiah mshona viatu, waliyemwita Nabii: alishatabiri mvua, talaka za watu, na mwisho wa dunia mara mbili. Kahawa ilikuwa ya Mzee Mbwana wa Majengo, aliyefika na birika lake la shaba kila Jumamosi adhuhuri. Na mwisho wa ubao, mahali ambapo ukikaa vibaya unaanguka, alikaa Zedekiah Were, mpanga herufi katika kiwanda cha chapa cha Mhindi mmoja mtaa huo huo. Yeye walimwita Herufi. Hakuwa msemaji. Lakini Jumamosi hiyo ya mwisho wa Agosti, mwaka wa hamsini na tisa, ndiye aliyewasha moto.

— Nauliza tu, alisema, kikombe kikipoa mkononi. Hawa Wamarekani, ni watu wazuri?

Hakusema kwa nini anauliza. Ndani ya koti lake, upande wa moyo, palikuwa na fomu iliyokunjwa mara nne. Binti yake wa kwanza, Namalwa, alikuwa amekubaliwa katika chuo huko Marekani, na siku chache zijazo ndege ingewabeba yeye na wanafunzi wenzake themanini na ushei. Kilichobaki ni sahihi ya baba. Kamati iliyoshughulikia safari ilikuwa na ofisi mjini, na ofisi hiyo ingefungwa saa tisa. Fomu isipofika, nafasi angepewa mwingine. Asubuhi mkewe Peres alimtilia kalamu mfukoni na kumwambia neno moja tu: “Peleka.” Zedekiah alijiambia atakunywa kikombe kimoja kwanza. Hiki kilikuwa cha tatu.

— Wazuri? Taarifa aliruka kama aliyekaa juu ya kaa la moto. Herufi, wewe unapanga magazeti lakini husomi! Wajerumani walipigana na Amerika, si ndiyo? Wakashindwa. Sasa Mrusi akafunga barabara za kwenda Berlin, watu walale njaa. Amerika akafanya nini? Akawapelekea unga kwa ndege. Unga! Na makaa! Mwaka karibu mzima! Nani mwingine analisha adui yake?

— Mimi nalisha mama mkwe, alisema Bama.

Walicheka hadi ubao ukayumba. Zedekiah hakucheka. Moyoni aliandika: unga, upande wa wema.

— Na Suez je? Taarifa aliendelea, sasa amesimama. Mwingereza na Mfaransa wameingia Misri na ndege na manowari. Amerika akawaambia, tokeni. Wakatoka! Mwingereza ametoka, bwana! Wewe umewahi kuona Mwingereza ameambiwa toka, akatoka?

— Ndiyo hiyo wanasema, Nabii alidakia, mwenda tezi na omo marejeo ngamani.

Mzee Mbwana aliweka birika chini.

— Tezi unaijua wewe? Umepanda chombo lini, mtu wa Machakos?

— Maana yake mtu akienda Suez, atarudi.

— Maana yake unaiharibu methali ya watu. Leta kikombe.

Lakini Nabii alikuwa ameshapata upepo. Alifuta gundi vidoleni na kuinamia wenzake.

— Nyinyi mnasema unga. Hamsemi ile bomu. Siku moja, mji mmoja, kwisha. Baada ya siku tatu, mji mwingine, kwisha. Watoto walikuwa wanaenda shule na vitabu yao. Huyo mtu akikuletea unga kesho, wewe utakula?

— Ilimaliza vita! alifoka Taarifa.

— Ilimaliza watu!

— Bama alikuwa huko. Muulize Bama kama hakufurahi vita kwisha.

Wote wakamgeukia Bama. Alikuwa na gurudumu mapajani, akikaza spoku.

— Nilifurahi, alisema. Nilicheza ngoma. Tulikuwa hatujui ni nini imeanguka. Tulipojua, ile ngoma ilinikaa vibaya tumboni.

Hapo askari wawili wa doria wakatokeza kona, fimbo mikononi. Siku zile watu watano wakikaa pamoja na kupiga kelele ni mkutano, na mkutano ni makosa. Taarifa alibadilisha gia bila kuvuta pumzi.

— Na mimi nasema yule golikipa alilala! Bao la kwanza alilala!

— Kabisa! alisema Nabii, ambaye hajawahi kuona mpira. Hata mguu wake mmoja ni mfupi!

Askari wakapita. Taarifa aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapotea, kisha sauti ikarudi pale pale ilipokuwa.

— Kule kwao mbona walipeleka wanajeshi kulinda watoto weusi tisa waingie shule? Serikali yenyewe imepeleka jeshi kwa ajili ya mtoto mweusi! Hiyo si wema?

— Na kwa nini mtoto aingie shule akilindwa na bunduki? aliuliza Nabii. Nani alikuwa anamzuia? Warusi? Ni hao hao! Nyumba moja, mmoja anakupiga, mwingine anakushikia kitambaa cha kufuta damu.

Zedekiah alimwona Namalwa akilini, na gauni lake la bluu alilolishona mwenyewe, akipita katikati ya watu wenye midomo wazi.

— Lakini wakimchukua mtu kumsomesha, alisema polepole, hapo wana nia gani?

Laiti angejua! Nabii alikuwa amesubiri swali hilo maisha yake yote.

— Aa! Hiyo ndege ya wanafunzi! Sikilizeni. Mrusi alitupa mbwa mbinguni. Amerika akaona haya. Mwezi wa tano huu, akatupa nyani wawili. Wamerudi wazima, Taarifa si ulitusomea wewe mwenyewe? Basi. Mbwa amekwenda. Nyani amekwenda. Sasa inabaki nani?



— Watu themanini, Nabii alinong'ona. Wanapimwa. Wanakula vizuri. Wanatiwa ndani ya ile chuma ya kwenda mbinguni. Na asiporudi, nani atauliza habari ya mtoto wa Mluhya?

— Wewe ni mwehu! Taarifa alipiga kelele. Kitu yao ni nyingine kabisa! Bwana wangu ofisini anasema hizo digrii za Amerika ni karatasi tupu. Sasa mimi najiuliza, kama ni karatasi tupu, yeye anaogopa nini? Eh? Mwingereza anaogopa, kwa hivyo ni kitu kizuri! Lakini pia… Hapa alishika kichwa, kwa kuwa wazo jipya lilikuwa linampiga ndani. Lakini pia wakibeba wote wenye akili, Uhuru ikija itakuta nani? Itakuta sisi! Itakuta Nabii! Wanatumaliza akili, jamani, kama mtu anachota krimu juu ya maziwa!

— Akili ni nywele, alisema Nabii, kwa hivyo watawanyoa.

Mzee Mbwana aliomba radhi kwa marehemu wote waliotunga methali.

— Bama, alisema Zedekiah. Wewe uliwahi kumwona mmoja. Kwa macho.

Bama aliacha spoku.

— Nilipigwa risasi ya paja, alisema. Matope hapa, kiunoni. Gari la wagonjwa lilikuja, dereva ni Mmarekani, kijana wa miwani, mwili kama wa karani. Barabara hakuna. Aliendesha siku nzima. Gari likizama, anashuka anachimba kwa mikono. Alinifunika blanketi yake mwenyewe, yeye anatetemeka. Hakunijua. Basi hospitalini, kitanda cha pili, nikakuta Mmarekani mwingine, mweusi kama mimi. Nikamwambia, ndugu, watu wenu ni wazuri. Akasema, yule aliyekubeba, kwetu sisi mimi na yeye hatuwezi kuingia hoteli kwa mlango mmoja.

— Sasa hukumu yako ni nini? aliuliza Taarifa.

— Sina. Mguu ninao. Hiyo ndiyo najua.

Walianza wote kusema kwa pamoja, Taarifa amepanda juu ya ubao, Nabii akipiga kiatu kwa nyundo kama hakimu, na katikati ya makelele hayo hakuna aliyemwona Peres mpaka alipokuwa amesimama mbele yao. Alikuwa angali na aproni yake ya uyaya. Ametoka kazini Hurlingham kwa miguu, amepitia ofisi ya kamati, akaambiwa fomu haijaonekana. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

— Shemeji, karibu kahawa, alisema Bama, akisimama.

— Asante, shemeji. Sikai. Baba Namalwa, iko wapi?

Zedekiah alitoa fomu. Wote waliiona, wote walielewa kwa mkupuo mmoja, na Nabii akaificha nyundo yake nyuma ya mgongo.

— Nilikuwa nauliza kwanza, alisema Zedekiah. Mama Namalwa, kule wana milango miwili. Bama amesema. Weupe huku, weusi kule. Nimtume mtoto wangu mahali kama hapo?

Peres aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka.

— Miaka tisa naingia kwa memsahibu kwa mlango wa jikoni, alisema. Kilonzo, wewe ofisini kwa serikali unaingilia wapi?

Taarifa alishuka ubaoni taratibu.

— Nyuma, shemeji.

— Basi niambieni, nyinyi mnaojua dunia. Namalwa akibaki hapa Nairobi, ataingilia mlango gani?

Bama aliinama akaokota spoku ambayo haikuwa imeanguka. Hata Nabii, aliyejua siku ya kiama, hakujua hilo.

Zedekiah alitandika fomu juu ya kiti cha baiskeli. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amepanga majina ya watu wengine kwa herufi za risasi za kiwandani, moja moja, kinyumenyume. Sasa aliandika lake, pole pole.

— Saa ngapi? aliuliza.

— Tisa kasorobo! alipiga kelele Taarifa. Kimbieni! Pitieni kwa uchochoro wa Wahindi, kimbieni!

Walikimbia, mtu wa miaka arobaini na saba na mkewe mwenye aproni, wakipenya kati ya wachukuzi na mabaiskeli, na nyuma yao benchi zima likiwapigia makelele kama wanavyopigiwa farasi wa mashindano. Karani wa kamati alikuwa na funguo mkononi walipofika. Aliichukua fomu, akaisoma juu mpaka chini, akagonga muhuri.

Nje, Zedekiah alishika ukuta akipumua. Machozi yalimtoka na hakujua ni ya furaha au ya mbio.

— Na nyinyi hapo benchini, aliuliza Peres akijifuta uso kwa aproni, mliamua nini? Marekani ni wazuri ama ni wabaya?

— Hatujamaliza.

— Basi msijisumbue, alisema Peres. Yuko mtu anakwenda kuangalia.