Bi. Evelina Chilongani na Maneno Yake ya Pembeni

Tarehe 30 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Evelina Chilongani atafunga mlango wa stoo ya mafaili ya zamani kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na miwili kasoro siku mbili. Siku hizo mbili asilaumiwe. Serikali ilimwajiri Jumatatu, tarehe 3 Julai 1967, na serikali haijawahi kuulizwa sababu ya jambo lolote.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, niliyekuwa mkuu wake wa kazi kwa miaka kumi na tisa, niandike kurasa mbili za sifa. Imechagua vizuri. Muda ninao, kwa kuwa daktari ameniambia nisipange jambo lolote la mwezi wa tisa.

Bi. Evelina alizaliwa Buigiri mwaka 1944, akasoma hadi darasa la nane, akaja mjini na mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wote tuliowahi kuwa nao, jambo ambalo si sifa kubwa. Alianza kwa kupanga mafaili. Baada ya miaka mitatu alikuwa anajua namba za mafaili kwa sura za wenyewe. Wagonjwa walimwamkia shikamoo kabla hajafikisha miaka thelathini, maana walidhani mtu anayejua mengi hivyo lazima awe mzee.

Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Barabara ya Sita yakaanza kuuza kila kitu ambacho zamani tulikipata kwa barua ya mkubwa: redio, sabuni za rangi, na mashine za kupimia presha nyumbani. Watumishi wa serikali walizinunua, na wabunge walizileta kutoka safarini. Mara watu wakawa wanakuja na vipimo vyao, vimeandikwa kwenye madaftari ya watoto, kwenye kalenda, na kimoja kwenye jalada la ndani la kitabu cha nyimbo. Bi. Evelina alivipokea vyote na kuvinakili kwenye faili. Kila alipoandika namba, aliongeza pembeni, kwa penseli, imetoka wapi: mashine ya nani, mkono upi, kabla ya chai au baada ya kugombana na shemeji. Nilipomuuliza kwa nini anajichosha, alinijibu bila kuinua kichwa: "Bosi, atakayesoma hakuwepo."

Nakumbuka mfugaji mmoja kutoka upande wa Kolo, ambaye hakuwa na mashine wala daftari. Alikuja na fimbo iliyochongwa alama, moja kwa kila siku aliyoona kizunguzungu. Nilimwambia kwamba kumbukumbu ni mali ya hospitali, hivyo aiache. Akanitazama kwa huruma. "Nikikuachia fimbo, ng'ombe nitawachunga kwa nini? Kwa risiti yako?" Bi. Evelina alihesabu alama ishirini na tatu, akaandika tarehe, pembeni akaongeza "fimbo ya mwenyewe, mwerezi au mninga, sina hakika", akamrudishia mzee mali yake.

Jambo kama hilo, bila shaka, halikuweza kuachwa liendelee. Mwaka 1993 wafadhili walituletea kompyuta. Ilikaa miezi kumi na mmoja chini ya kitambaa cha kufuma ikisubiri plagi, na katika muda huo kamati ya watu saba iliandaa Mwongozo wa Kupokea Vipimo vya Wagonjwa Kutoka Majumbani. Mwenyekiti wake nilikuwa mimi. Tulikutana mara tisa. Kamati haikuwa na mgonjwa, wala muuguzi, wala karani wa masjala, ingawa Bi. Evelina alihudhuria vikao vyote, maana ndiye aliyeleta chai. Mara moja tu alisema, huku akimimina, "Wazee wangu, namba bila kujua mashine itatuletea msiba." Tulimshukuru kwa chai.

Mwongozo ulikuwa kazi safi. Fomu 7B ilikuwa na visanduku kumi na vinne, nakala tatu, na kifungu cha sita nilichokitunga mwenyewe na kukipenda kama mtoto: hakuna maandishi yoyote yatakayoruhusiwa nje ya visanduku. Kila fomu ilipaswa kupita mezani kwangu nikaitia sahihi kabla ya kumfikia daktari, ili daktari asije akapata habari mapema mno.

Sasa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu hapa ndipo sifa za Bi. Evelina zinapoanza hasa.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1994, Mwalimu Bartolomayo Chidosa, mwalimu mkuu mstaafu wa hapa Miyuji, aliletwa na mkewe, Mama Dorkasi. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamchanganyika. Maabara yetu haikuwa na dawa za kupimia sukari wiki hiyo. Lakini Mwalimu alikuwa na mashine yake ndogo, aliyotumiwa na mwanawe kutoka Marekani, na Mama Dorkasi alikuwa amempima nyumbani na kuandika kwenye daftari: 45.

Maabara yetu ilihesabu sukari ya damu kwa kipimo kimoja, na mashine za Marekani kwa kingine. Tano yetu ni tisini yao. Arobaini na tano yao ni sukari iliyoshuka hadi mtu anakaribia kuzimia. Arobaini na tano yetu ni sukari iliyopanda hadi darini. Bi. Evelina alilijua hilo, kwa kuwa alikuwa amemuuliza Mwalimu mwenyewe mwezi mmoja kabla. Akaandika 45 kwenye kisanduku, kama Mwongozo ulivyotaka, na pembeni, kwa penseli, kama akili ilivyotaka: "Mashine ya Marekani. Hii ni sukari ya CHINI."

Fomu ikaja mezani kwangu saa nne kasorobo. Saa nne nilikuwa na wageni kutoka wizarani waliokuja kuutazama Mwongozo ukifanya kazi, na fomu ya kwanza ambayo wangeiona ilikuwa na maneno ya penseli nje ya visanduku. Nilichukua raba. Nikafuta. Nikapuliza vumbi, nikatia sahihi.

Wageni walisifu usafi wa fomu ile.

Dakta Silvano, kijana mwenye miezi minne kazini, aliona 45 na akafanya alichofundishwa: akamchoma mgonjwa dawa ya kushusha sukari. Mwalimu alizima kama taa. Mama Dorkasi alikuja dirishani akipiga kelele, "Mama, mume wangu mmemfanya nini?" Bi. Evelina alichukua lile daftari la nyumbani, akakimbia nalo hadi wodini akiwa na kiatu kimoja, akampa daktari na kumwambia mashine ni ya Marekani, na dripu ya sukari ikawekwa. Mwalimu alizinduka siku ya tatu. Alirudi nyumbani akitembea mwenyewe. Lakini mtu aliyewahi kujua majina ya wanafunzi mia nne sasa huwaita wajukuu zake wote "wewe".

Uchunguzi ulifanyika, na mchunguzi nilikuwa mimi. Niligundua kwamba karani hakuonyesha chanzo cha kipimo. Barua ya onyo niliitunga mimi, nikaitia sahihi mimi, na nikampelekea kwa kitabu cha kumbukumbu ili asaini kwamba ameipokea. Alisoma, akasaini, akasema, "Sawa, bosi." Alihamishiwa stoo ya mafaili ya zamani, jirani na chumba cha kufulia, na kupandishwa cheo hakukutajwa tena. Kwa kuwa sisi ni watu wenye haki, tulimwachia kiti.

Mwaka 1997 Mwongozo ulirekebishwa. Kikaongezwa kisanduku cha kumi na tano, "Chanzo cha kipimo". Mtaalamu mshauri alipongezwa kwa ubunifu huo, na Bi. Evelina aliletewa fomu mpya azipange stoo.

Kwa miaka mitano sasa Mama Dorkasi, anayeimba naye kwaya moja, safu moja, hajawahi kumpa mkono. Namwelewa. Aliambiwa kwa maandishi kwamba kosa ni la karani, na maandishi yalikuwa na muhuri.

Tangu mwezi wa pili mwaka huu, figo zangu zilipoanza kunikataa, Bi. Evelina hupita kwangu kila akitoka kazini, akiwa na mashine ya presha aliyonunua mwenyewe. Ananipima, anaandika kwenye daftari nitakalokwenda nalo kliniki. Juzi nilimwuliza kama anajua ni nani aliyefuta. Alikuwa anakunja mpira wa mashine. "Bosi, penseli huacha alama kwenye karatasi. Niliiona siku ile ile, kabla hujaitoa kwenye faili." Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Ningesema kwa nani? Mkuu wa uchunguzi ulikuwa wewe." Akacheka, na mimi nikacheka, kisha akaandika presha yangu, na pembeni akaongeza: "amecheka kabla ya kupimwa."

Fomu ile ninayo. Niliitoa ili ipotee, na sikupata ujasiri hata wa kuichoma. Naiambatanisha na maandishi haya, kwa Mganga Mkuu. Inueni karatasi kuelekea dirishani nanyi mtasoma maneno yake yote, pamoja na ile CHINI. Naomba barua ya onyo itolewe kwenye faili la Bi. Evelina kabla ya saa tisa na nusu tarehe 30, akiwa bado mtumishi. Naomba pia wasifu huu usomwe kwa sauti siku ya sherehe, na Mama Dorkasi na Mwalimu wawekwe viti vya mbele. Asomaye asiruke sehemu yoyote kwa adabu. Adabu nilikuwa nayo mimi, mnaona ilikotufikisha.

Bi. Evelina, asante kwa mafaili laki moja na ushee, kwa chai ya vikao tisa, na kwa mbio zako za kiatu kimoja. Nenda Buigiri ukalime karanga zako, uepukane na visanduku, na miaka yako ya kupumzika iwe mingi kuliko uliyotupa sisi.

Na kwa kuwa mtakaosoma hamkuwepo, naandika pembeni, kwa wino: aliyefuta ni Respicius Kaiza, kwa raba, saa nne kasorobo asubuhi. Ameandika haya akiwa na akili zake. Presha 170 kwa 110, mkono wa kushoto, mashine ya Evelina.