Bi Kanuni na Chupa ya Kitabu cha Saba

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mhariri wetu wa riwaya nyepesi, ambaye jengo zima linamwita Bi Kanuni, anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, alinishika mkono. "Andika na lile la kitabu cha saba," alisema. "Ukiliruka, siji kwenye sherehe." Namfahamu; hatanii. Kwa hiyo tuvumiliane, sifa hapa zitakuja zimechanganyika na aibu.

Alianza kama msahihishaji wa vitabu vya hesabu, kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofunguka. Kampuni ilipoanza kuchapa riwaya za fantasia, zile ambazo shujaa huangukia ulimwengu unaoendeshwa kama mchezo wa kompyuta, wenye ngazi za kupanda na pointi za kukusanya, wakubwa walitafuta mtu anayejua hesabu na kupenda hadithi. Macho yote yakamgeukia.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Mwandishi akijaza kurasa nzima kwa majedwali ya pointi, alirudishiwa mswada: "Hii riwaya au ripoti ya mtihani?" Mwingine akimpa shujaa upanga wa radi ghafla bin vuu, aliulizwa, "Jana alikuwa na fimbo. Huu kaupata wapi?" Kwake, kanuni za mchezo na mkasa wa hadithi ni mume na mke: mmoja akinuna, nyumba nzima hailali. Pointi, alitufundisha, lazima imgharimu shujaa kitu anachokipenda.

Aliyelielewa somo hilo kuliko wote ni kinyozi mmoja wa mtaa wa pili. Aliandika mfululizo wa mkunga aliyejikuta katika ulimwengu wa namna hiyo. Kila jeraha analomponya mtu, yeye mwenyewe hushuka ngazi moja. Akifika chini kabisa, hana tena cha kutoa. Kanuni moja tu, na vitabu sita vikagombaniwa madukani.

Katika kitabu cha saba, mkunga amebaki ngazi ya chini kabisa, na mdogo wake wa kiume anajeruhiwa vibaya. Kinyozi aliandika kifo. Mswada ulifika mezani wiki ambayo Bi Kanuni alitoka kumzika mdogo wake mwenyewe. Sisi tulijua msiba, kinyozi hakujua. Bi Kanuni alimwita kinyozi, akamwagiza abadilishe: mkunga aokote chupa ya dawa pangoni, kijana apone.

"Lakini mama, kanuni..."

"Kanuni naziweka mimi," alimkatiza.

Kinyozi ni mtu wa adabu. Aliandika alivyoagizwa.

Kitabu kilipotoka, wasomaji walihamaki. Walimwita kinyozi mwongo. Wengine walimfuata mpaka kwenye duka lake la kunyolea, wakajifanya wateja ili wapate kumcheka. Bi Kanuni alimwacha abebe lawama. Alipita koridoni akitazama sakafu, na chai yake ilikuwa ikipoa mezani bila kuguswa.

Kisha ukaja mkutano wa wasomaji katika ukumbi wa maktaba. Kinyozi hakuhudhuria. Mama mmoja, fundi cherehani, alisimama na kitabu mkononi. "Nilimzika kaka yangu," alisema. "Kila mtu aliniambia uongo wa kunifariji. Vitabu hivi tu ndivyo havikunidanganya. Sasa navyo vimeanza."

Bi Kanuni aliinuka kwenye safu ya mbele. "Mwandishi msimlaumu. Chupa ile niliitia mimi."

Kesho yake alikwenda kwa kinyozi, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wote wakaisha. Alipomweleza sababu, kinyozi aliweka kando mashine aliyokuwa akiisafisha.

"Mama, ungeniambia umefiwa, ningekupa pole. Kwa nini uliniomba chupa?"

Bi Kanuni aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Toleo la pili lilirudisha kifo kama kilivyoandikwa mwanzo, na katika ukurasa wa mbele Bi Kanuni alikiri kosa kwa jina lake kamili. Kinyozi alishukuru, ila aliomba mhariri mwingine. Akapewa. Kwa miaka minne, kila alipokuja ofisini, walisalimiana kama wapangaji waliogombania bomba la maji. Bi Kanuni hakulalamika hata siku moja. Alisema amepewa haki yake.

Mwezi uliopita kinyozi alileta mswada wa kitabu cha mwisho cha mkunga. Aliipita meza ya mhariri wake, akauweka mbele ya Bi Kanuni.

"Huu usome wewe kabla hujaondoka," alimwambia. "Nikidanganya popote, kata."

Bi Kanuni alifunika uso kwa viganja viwili. Kisha akaomba kalamu.

Bi Kanuni, ulitaka lisemwe, nasi tumelisema. Asante kwa kila jedwali ulilolifyeka na kila mwandishi uliyemlea kwa ukali wenye mapenzi. Nenda ukapumzike, uamke jua likiwa juu, usome vitabu vibovu bila kuvisahihisha. Tunakutakia afya njema, amani ya moyo na siku nyingi za furaha pamoja na wanao na wajukuu.