Mti wa Salumu Usiozaa

Mbele ya duka la Kurbanali, Mikindani, palikuwa na gogo la mnazi lililolainishwa na watu wazima wasiokuwa na haraka ya kurudi mashambani, Mungu awasamehe. Siku ile baada ya Adhuhuri, Salumu alikaa hapo amefura, tawi bichi mapajani. Ng'ambo ya njia ulikuwa msikiti wao mdogo. Mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa hadi ukaanguka, na sasa mbuzi wa mtaa mzima waliingia kutafuna mikeka. Salumu alikuwa na mti shambani, mnene, ulionyooka, wa kutosha mlango na miimo yake. Lakini bwana misitu alikuwa ameutia alama ya rangi: mvule, mti wa serikali, haukatwi bila kibali. Kibali waumini waliomba hata wakachoka. Ndipo Liwali akasema, kama si mvule, mwenye shamba aje aape kwa Msahafu, kisha akate. Kiapo kilikuwa kesho.

— Naapa! alisema Salumu. Mti kaukuta babu yangu, leo mtu anakuja na kopo la rangi, eti wa serikali! Serikali iliumwagilia maji lini?

— Tulia, lete hilo tawi, alisema Mussa. Huyu walimwita Kadhi Mdogo kwa kupenda kukata hukumu, ingawa chuo cha Kurani aliishia njiani. Akalipokea, akaendelea: Jani pana. Mishipa imesimama mgongoni. Ukilikata, maziwa. Huu mkuyu, bwana.

— Mkuyu gani unaokwenda juu bila tawi, kama mlingoti? aliuliza Athumani. Yeye aliwahi kutia kuni kwenye gari-moshi la Nachingwea, wakamwita Injini, na hakukubali mtu asahau. Akasema: Huu wa Ulaya. Mbegu zilikuja kwenye magurudumu ya yale matrekta ya Waingereza ya kulimia karanga.

— Injini, nimesema babu yangu kaukuta!

— Basi ulikuja na Wajerumani.

— Wajerumani waingie kichakani kwa babu yangu, wapande mti mmoja, waondoke zao?

— Wewe humjui Mzungu.

Kadhi Mdogo aliinua kikombe, muuza kahawa aliyechutama kando akammiminia.

— Maua yake je?

— Kama mikia ya panya, alisema Salumu. Meupe, yananing'inia. Yanadondoka, yanakauka, basi. Tunda sijaliona tangu nizaliwe. Na mvule unazaa! Kule msitu wa Rondo popo wanayagombea, matunda ya kijani, kama kiwavi aliyeshiba. Sasa mimi wangu tunda liko wapi?

— Haswa! Kadhi Mdogo alijipiga paja. Hukumu imepita. Hauna tunda la mvule, si mvule. Kaape ulale usingizi.

— Hauzai kwa sababu ya honi, alisema Injini. Honi ya gari-moshi inatikisa mizizi.

— Gari-moshi linapita shambani kwangu?

— Honi inapita.

Muuza kahawa alicheka, akamwaga kahawa chini.

— Mnacheka! Salumu alisimama. Tazameni!

Mbuzi mwekundu alikuwa anaingia msikitini bila wasiwasi, kama mwenye nyumba.

— Nyumba ya Mungu imekuwa zizi! Na bwana misitu kwake kila chumba kina mlango, hata choo!

Kelele zile zilimkuta Bi Mwanakombo, mjane aliyehamia karibuni kutoka Kilambo, akitoka dukani na chumvi yake. Aliwaamkia, akauliza kulikoni. Wakamweleza wote kwa pamoja, jani, maua, tunda, kiapo. Alisikiliza, akalitazama lile tawi.

— Samahani kaka zangu, mie mgeni. Kwangu uani nina mpapai dume. Unatoa maua marefu, yananing'inia hivyohivyo, papai hakuna. Sasa ule nao si mpapai?

Kadhi Mdogo alimrudishia Salumu tawi lake. Injini aligeuka kutazama njia, ungesema anangoja gari-moshi.

— Kadhi, alisema Salumu taratibu. Hukumu?

— Mimi siyo mwenye shamba.

— Si umesema nikaape nilale usingizi?

— Nilisema kwa upande wa tunda.

Salumu alitazama mkono wake wa kulia. Maziwa ya lile tawi yalikuwa yamekaukia vidoleni, yananata. Mkono huuhuu ndio wa kuuweka juu ya Msahafu.

— Niongezee, alisema, akinyoosha kikombe.

Muuza kahawa aliinamisha dele, yakatoka machicha.

— Kahawa imekwisha, mzee wangu.

— Kesho utakwenda kwa Liwali? aliuliza Injini.

— Nitakwenda. Kuomba kibali, mpaka anichoke! alifoka Salumu, akavuka njia na tawi lake. Alimchapa nalo mbuzi, akamtoa mbio. Halafu akanawa mkono, akasugua hadi ngozi ikamuuma, akakaa pale kizingitini kungoja Alasiri, mgongo kwenye mwimo huu, miguu kwenye mwimo ule, tawi la mvule mkononi.