Jino Moja Mbele

Kaka yetu mpendwa, ambaye mtaani wengi mlimjua kwa jina la Jino Moja ingawa anazikwa na meno yake yote, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na mshonaji wa nguo. Mama, aliyeketi hapa mbele, anasema mimba ilikuwa haijatimiza miezi yake, na mkunga alikuwa ameambiwa aje mwezi unaofuata. Tangu siku hiyo marehemu hakuwahi kuamini kwamba kuna kitu duniani kimewekewa wakati wake sahihi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Alikuwa na akili, hilo walimu walilikubali hata walipokuwa wakimchapa. Akiwa darasa la sita alipanda juu ya kiti ofisini kwa mwalimu mkuu akasogeza mbele mshale wa saa ya ukutani, kwa maelezo kwamba saa ile ilikuwa inachelewa. Shule nzima ilirudi nyumbani mapema, pamoja na walimu wawili. Alipoitwa kujieleza alishikilia kwamba mwenye makosa ni saa. Mwaka 1980 alihitimu ufundi wa magari katika chuo cha ufundi, akiwa wa pili darasani. Wa kwanza, alisema hadi mwisho wa maisha yake, alipendelewa.

Kuanzia Machi 1981 hadi alipostaafu mwaka 2019 alikuwa fundi wa injini katika karakana ya kampuni ya malori. Hapa hatuna budi kusema ukweli unaoudhi. Kazini marehemu alifuata alama zote za kiwandani bila kubishana na hata moja, na wenzake wanamkumbuka kama mtu asiyebahatisha. Ukaidi wake wote aliutunzia nyumbani.

Maana baba alipofariki mwaka 1987 aliwaachia watoto wake wawili pikipiki moja ya silinda moja, kuukuu kuliko wao wote. Mzee alikuwa na busara nyingi, lakini hapo aliteleza. Marehemu na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ambaye ndiye anayewasomea haya, walikubaliana waitumie kwa zamu. Hilo lilikuwa jambo la mwisho walilokubaliana kuhusu pikipiki hiyo.

Kwa wasiojua: ukifungua kifuniko cha upande wa kulia wa injini ile unakuta gia mbili, na kila moja ina nukta iliyogongwa kiwandani. Nukta zikitazamana, valvu zinafunguka kwa wakati wake na cheche inaruka pistoni inapokaribia juu kabisa. Basi, kazi imekwisha. Marehemu alidai aliyegonga nukta zile alikuwa na njaa siku hiyo, kwa sababu yeye aliisikiliza injini, na injini ikamwambia gia isogezwe jino moja mbele. Ikisogezwa hivyo inakohoa, inalipuka kwenye bomba la moshi, na ukipiga kiki inakurudishia teke. Yeye alisema inapanda mlima vizuri. Kila zamu ya mdogo wake ilianza kwa kufungua kifuniko na kuzirudisha nukta zitazamane, na kila zamu ya marehemu ilianza kwa kuziachanisha. Skrubu za kifuniko ziliisha vichwa. Mdogo wake alimweleza, kwa upole na bila upole, kwamba cherehani isiyofuata alama haishoni. Alijibiwa kwamba cherehani haipandi mlima. Majirani walipomwomba mama aingilie kati, alikuwa ameshachoka.

"Waacheni," alisema. "Siku wakikubaliana, nitajua mmoja amekufa."

Tarehe 10 Desemba 1988 marehemu alifunga ndoa na wifi yetu, karani wa posta, mwanamke mwenye subira ya ajabu. Bwana harusi alisisitiza kumpakia bibi harusi kwenye pikipiki, na zamu ilikuwa yake. Walipofika katikati ya mlima, ule ule inaoupanda vizuri, ikalipuka mara moja ikazima. Wifi alimaliza safari kwa miguu, viatu mkononi, na nyuma yake mumewe akisukuma pikipiki huku akieleza kwamba lazima kuna mtu ameigusa. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Walijaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayetaka kusikia habari za gia.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya ini. Aliyabishia kama alivyobishia kila kitu. Akipewa dawa ya saa mbili, aliinywa saa moja. Mwanzoni mwa Juni 2024, kabla ya kulazwa mara ya mwisho, alijikokota hadi kwenye kibanda cha pikipiki, akakaa juu ya kreti na spana zake mchana kutwa, na akakataa kusaidiwa. Mdogo wake alipofika, kifuniko kilikuwa kimeshafungwa.

"Usiifungue mpaka nirudi," marehemu alimwambia.

"Nitaifungua kesho asubuhi," alijibiwa.

Alicheka hadi akashika mbavu. Mdogo wake hakuifungua. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 21 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mama, mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja.

Karatasi mliyogawiwa inaishia hapo. Yaliyobaki nayasema kwa mdomo, kwa sababu yametokea jana jioni. Mwanawe wa kiume aliomba pikipiki itangulie jeneza. Nikamwambia sawa, lakini kwanza nirekebishe uharibifu wa baba yako. Nilifungua kifuniko nikiwa nimeshapanga maneno ya kumsema.

Nukta zilikuwa zinatazamana. Sawasawa kabisa, kama nilivyomwomba tangu baba alipotutoka. Aliziweka mwenyewe, mgonjwa vile, akanyamaza. Nililia, kisha nikakasirika. Miaka yote hiyo namsihi, naye anakuja kukubali wakati siwezi hata kumwambia si nilikuambia. Halafu nikakumbuka maneno ya mama. Nikifunga kifuniko kama nilivyokikuta, basi mimi na kaka tumekubaliana. Sikuweza. Nilisogeza gia jino moja mbele.

Kwa hiyo milipuko iliyowashtua pale getini haikuwa ajali, na huyu mtoto wa kaka anayechechemea alipigwa teke na kiki, anisamehe shangazi yake. Ila mlima wa kuja hapa imeupanda vizuri. Nimesema mara moja na sirudii.

Pumzika kwa amani, kaka. Na huko uliko, usifungue chochote mpaka nije.